Majina Yasiyo na Akika



Mtoto wa Kiislamu azaliwapo huadhiniwa sikioni, na ifikapo siku ya saba hunyolewa nywele, huchinjiwa akika, mbuzi wawili akiwa mvulana na mmoja akiwa msichana, na hupewa jina. Jina hilo halitoki hewani. Huwa limezungumzwa na baba na mama, likapimwa na nyanya, likapingwa na shangazi, na mara nyingi ni jina la aliyetangulia katika ukoo, ili asisahaulike. Kisha miaka hupita. Mtoto huyo anapofika miaka 13, umri ambao Facebook, Instagram na TikTok humruhusu mtu kujiandikisha (na wengi, tuseme kweli, hawaungoji), huketi pembeni mwa kitanda na simu mkononi, akaulizwa ajiite nani. Hapo hapana shangazi wala mbuzi. Hujipa jina mwenyewe kwa dakika mbili, na kwa jina hilo huweza kujulikana na watu wengi kuliko wote waliohudhuria akika yake.

Kwa muda wa mwezi mzima tumekuwa tukiwauliza kina mama na mabinti wa darsa zetu, na majirani, na jamaa walioko Lamu na Malindi, swali moja dogo: jina unalolitumia mtandaoni ulilitoa wapi? Vichekesho tulivipata. Lakini wapo pia waliomwambia mwenzetu wa nyumbani yale ambayo wasingeweza kutuambia sisi, kisha wakatoa idhini yaandikwe. Majina yenyewe tumeyageuza, herufi hapa na nambari pale, na mengine tumeyaficha kabisa, ili mwenyewe asitambulike.

Majina mengi, tuanze na hayo, hayana siri yoyote. Mtambo haukubali majina mawili yanayofanana, na Mombasa peke yake ina kina Fatma Ali wasiohesabika. Mitaani tatizo hili tulilitatua kitambo: yuko Fatma wa Kibokoni, yuko Fatma Mrefu, yuko Fatma wa Mwalimu, na hakuna anayewachanganya. Waarabu nao walikuwa na kunya, ambayo ni kuitwa baba au mama wa fulani. Na lakabu, ambayo ni jina la sifa au la aibu. Na nisba, ambayo ni jina la mji au la kabila. Ndiyo sababu Imamu Muhammad bin Ismail tunamjua kwa mji wake wa Bukhara, na Sulayman bin Mihran, mpokezi mkubwa wa hadithi wa Kufa, tunamjua kwa udhaifu wa macho yake, al-A'mash. Hata ile alama ya @, ambayo watoto wetu huiandika bila kufikiri, iliingia kazini mwaka 1971, pale mhandisi wa Marekani Ray Tomlinson alipohitaji kutenganisha jina la mtu na jina la mashine aliyoko, katika barua za kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Mtu fulani, wa mahali fulani. Ni nisba ile ile.

Lakini mtandao hauna mtaa, kwa hivyo watu huongeza nambari. Mama mmoja wa Bondeni ameandika jina lake la kawaida likifuatwa na 786. Tulipoliona tulianza kumweleza kwamba nambari hiyo ni jumla ya thamani ya herufi za Bismillahi kwa hesabu ya abjadi, kwamba desturi ya kuiandika mahali pa Bismillahi imeenea zaidi Bara Hindi, na kwamba haina asili katika Sunna. Alitusikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akasema: "Maalim, hiyo ni nambari ya gari la marehemu baba. Pikapu. Ndilo lililokuwa likituvusha feri kwenda Likoni siku ya Idi."

Wanawake wa pwani, kwa hakika, hawakungoja intaneti ili wajifunze kusema kwa jina. Leso ina pindo, ina mji, na ina jina. Na neno tunalolitumia kwa yale maandishi ya leso ni hilo hilo, jina. Tangu maandishi yalipoanza kuwekwa, mwanzo kwa herufi za Kiarabu kisha za Kilatini, mwanamke aingiapo dukani haulizi rangi peke yake, huuliza inasemaje. Wale wa Mali ya Abdulla, ambao biashara yao ilianza Mombasa mwaka 1887, wamejenga sifa yao juu ya majina hayo. Leso hununuliwa kwa ajili ya wifi, kwa ajili ya mke mwenza, kwa ajili ya mama mzazi. Huvaliwa, hupitishwa mbele ya mlango unaokusudiwa, na mvaaji hakufungua mdomo. Tunapoona binti amejiita mtandaoni kwa maneno matatu yanayomlenga mtu asiyetajwa, tusiseme ni mambo ya kizungu. Huyo ni mjukuu wa mvaa leso.

Katika nyumba moja ya Majengo yupo binti wa miaka 16 aliyepewa jina la nyanya yake, mojawapo ya yale majina yetu ya kale ya siku, kama vile Mwanahamisi na Mwanajuma. Shuleni baadhi ya wenzake walilicheka, naye akaanza kulikata, kisha akaliacha kabisa. Mtandaoni anajiita "Halime Hatun", kwa ajili ya ile tamthilia ya Kituruki ya Ertuğrul ambayo familia nzima iliitazama usiku baada ya usiku. Nyanya aliposikia alitaka kujua huyo Halime ni nani. Akaelezwa. Akauliza: "Si Halima tu huyo? Halima si yuko hapa mlango wa pili, muuza mbaazi?" Binti alicheka mpaka akakaa chini. Na tukitazama vyema, hilo Hatun la Waturuki ni kama Bi au Mwana kwetu sisi. Yaani alilikimbia jina lenye Mwana ndani yake, akaenda ng'ambo kulitafuta lile lile. Nyanya hakukasirika. Alimsimulia tu siku aliyozaliwa yeye: mvua ya masika, mkunga aliyechelewa, na mama aliyekuwa amekwisha kuzika watoto wawili kabla yake. Mjukuu hakuwa ameyasikia hayo. Halime bado yupo, wala hatuoni haja ya kumwondoa. Ila siku hizi mwishoni mwake imeongezwa herufi ya kwanza ya jina la nyumbani.

Kina Malkia nao ni wengi, na kina Mrembo, na kina Lulu. Mtume (s.a.w.) alimbadilishia jina binti aliyeitwa Barra, maana yake mwema mwenye utiifu, akamwita Zaynab, kwa kuwa hakupenda watu wajitakase wenyewe. Hilo tunalitaja na kupita. Msichana wa miaka 15 anayejiita Malkia mara nyingi hajisifu; anajaribu kujiaminisha jambo ambalo hakuna mtu nyumbani aliyewahi kumwambia.

Yuko kinyume chake, naye ni mama wa makamo anayeuza madira Kongowea na mtandaoni. Duka lake la mtandaoni linaitwa "Kaniki". Kaniki, wasomaji wetu wakubwa wanajua, ni ile nguo nyeusi ya kazi ya zamani. Ndilo jina alilobandikwa chuoni akiwa mtoto kwa sababu ya rangi yake, na lilimfuata hadi harusini, ambako mtu alithubutu kulitaja mbele ya wakwe. Qur'ani imekataza waziwazi kuitana kwa majina ya kejeli, katika Suratul Hujurat, aya ya 11, na waliomwita hivyo walikuwa wakiisoma sura hiyo kwenye jamvi moja naye. Alipoamua kufungua biashara alilichukua jina lile akalitundika mlangoni. "Nililiogopa miaka thelathini," alisema. "Sasa wao ndio hulitaja wakitaka nguo."

Tulimkumbuka Bi Asma binti Abi Bakr (r.a.). Usiku wa Hijra alipokosa kamba ya kufungia chakula cha Mtume na cha babake, aliupasua mshipi wake vipande viwili. Akaitwa Dhatun-Nitaqayn, ambalo kwa Kiswahili cha kwetu lingekuwa Mwenye Vibwebwe Viwili. Miaka mingi baadaye, mwanawe Abdullah bin Zubayr alipokuwa vitani, watu wa Sham walimtusi kwa jina hilo la mamake, kana kwamba ni jina la mtumishi. Bi Asma, akiwa ajuza, hakuomba lifutwe. Alimuuliza mwanawe kama anajua vibwebwe hivyo vilikuwa nini.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhangaisha. Wasichana wengi huongeza nambari, na nambari iliyo karibu zaidi na moyo wa mtoto ni mwaka wake wa kuzaliwa. Binti wa mtaa mmoja wa Kisauni alijiandika kwa jina lake la kwanza na 2010. Alikuwa na umri wa miaka 14 siku alipopata ujumbe wa pongezi kutoka kwa mwanamume asiyemjua, akimtakia heri ya kutimiza miaka hiyo kumi na minne na kumtaja kwa jina. Binti akadhani ni jamaa. Kwani mtu wa kando angejuaje? Mtu yule hakuwa na elimu yoyote ya ghaibu. Jina alilipata kwenye jina, mwaka aliupata kwenye mwaka, siku yenyewe aliipata kwenye picha ya keki, na shule aliijua kwa sare iliyokuwa kwenye picha nyingine. Mazungumzo yaliendelea wiki tatu. Ilipofika mahali pa kuahidiwa zawadi itakayoletwa karibu na lango la shule, saa ya kutoka, binti alimwonyesha mama yake mdogo. Hakumwonyesha mamake, na sababu yake tutaieleza. Mama mdogo aliichukua simu, akabonyeza kitufe cha sauti, akamsalimia yule mtu kwa salamu kamili na kumuuliza yeye ni mwana wa nani. Hakujibu. Akaunti yake ilitoweka jioni ile ile.

Sababu ya kutomwendea mama ni kwamba mwaka uliotangulia, mama huyo alipolikuta jina la mtandaoni la bintiye mkubwa, aliitwaa simu, akaivunja ukutani, na yakafuata maneno ambayo hatutayarudia. Binti mkubwa alifungua akaunti nyingine kwa simu ya rafiki, mdogo akajifunza kunyamaza.

TikTok, tangu mwanzo wa mwaka 2021, huzifanya akaunti za watoto wa miaka 13 hadi 15 kuwa za faragha zinapofunguliwa, na Instagram ilianza kufanya hivyo kwa wote walio chini ya miaka 18 mwaka 2024. Ni ngao njema. Lakini mtoto wa miaka 11 aliyejiandikisha kuwa ana 18 ili akubaliwe amejivua ngao hiyo kwa mkono wake, maana mtambo unamwona mtu mzima, hali watu wote wanausoma mwaka wake wa kuzaliwa ubavuni mwa jina. Mzazi anaweza kulimaliza jambo hili baada ya chakula cha usiku: kurekebisha tarehe ya kuzaliwa iwe ya kweli ikiwa mtoto ametimiza miaka 13, kuuondoa mwaka kwenye jina, kuziondoa picha za sare. Kubadilisha jina hakumpotezei mtoto picha zake wala marafiki. Tunayasema haya kwa sababu watoto wengi hukataa wakidhani wataanza upya.

Kisa kilichotuchukua muda mrefu kuliko vyote ni cha mama wa keki. Aliolewa akiwa na miaka 22, na katika mwaka wa pili wa ndoa alifungua ukurasa wa Instagram kwa jina lenye maana ya mke wa fulani, akimtaja mume. Lilikuwa jina la mapenzi, hakuna aliyeliona vibaya. Keki zake zikapendwa Tudor, zikapendwa Kizingo, zikavuka daraja hadi Nyali. Akapata wafuasi zaidi ya 6,000. Mwaka wa nane ikaja talaka, na baada ya eda mume akaoa.

Hapo tena pakawa na mke wa fulani wawili, mmoja nyumbani na mmoja mtandaoni. Mke mpya alilalamika, naye alikuwa na haki. Jamaa wakamwambia yule mtalaka abadilishe jina siku ile ile. Lakini jina lile halikuwa jina tena, lilikuwa duka. Alikuwa na maboksi 400 yaliyochapishwa. Alikuwa na watoto wawili na kodi ya nyumba. Na miezi ya Rajabu na Shaabani, ambayo ndiyo ya harusi zetu, ilikuwa mlangoni.

Inafaa tuseme kwamba desturi ya mke kuchukua jina la mume haikutoka kwetu. Bi Aisha (r.a.) aliolewa na mbora wa viumbe na hakuacha kuitwa binti Abi Bakr mpaka anaingia kaburini. Kitambulisho cha mwanamke wa Kiislamu wa pwani kina jina lake, la babake na la babu yake, nalo hutembea naye akiolewa, akiachwa, akifiwa. Mama huyu alilijua hilo, maana lilikuwa likijitokeza kila mteja alipomlipa kwa M-Pesa. Wateja walikuwa wakimuuliza huyo binti fulani ni nani.

Alifanya hivi. Kwanza aliwaandikia wateja kwamba jina litabadilika baada ya mwezi mmoja, bila kutaja sababu. Kisha akanunua karatasi za kubandika, zenye jina lake na la babake, akaketi na wanawe usiku kuyafunika yale maboksi moja moja. Mwezi ulipotimia akabadilisha. Alipoteza oda kadhaa za harusi ile Shaabani, kwa kuwa watu walilitafuta jina la zamani wasilione, wakaenda kwingine. Hakuzipoteza zote. Mama wa aliyekuwa mumewe bado huagiza kwake keki ya Idi, na hulitamka lile jina jipya kwa sauti mbele ya wote.

Kunya ya Umm fulani imeenea sana miongoni mwa dada zetu, nayo ina hekima: humstiri mwanamke na humtaja kwa kilicho kipenzi kwake. Mmoja wao ana miaka 11 katika ndoa na hana mtoto. Anajiita Umm, na baada yake jina zuri la kike. Katika mwaka wa nne alibeba mimba iliyofika mwezi wa sita, akajifungua msichana asiye na uhai. Yeye na mumewe walimpa jina, wakamzika, na jina hilo hawakumwambia mtu. Baada ya miaka miwili alijiunga na kundi la WhatsApp la wanawake wanaosomeshana tajwidi kwa sauti, wengine wako Muscat, wengine Uingereza. Alipotakiwa kuandika jina la kuonekana, mkono wake uliandika lile. Wenzake, kwa wema, wakaanza kumuuliza: binti hajambo? Naye akawa anajibu, alhamdulillah.

Siku moja wifi yake aliliona kwenye simu. Katika hitima ya jamaa, mbele ya sinia ya pilau, akauliza kwa sauti: Umm nani? Mtoto mwenyewe yuko wapi?

Aliyeleta swali kwetu ni mumewe, kwa niaba yake: je, mke wangu anasema uongo? Tulimjibu kwamba Bi Aisha hakuzaa, na alipomlalamikia Mtume (s.a.w.) kuwa wenzake wote wana kunya, alimwambia ajiite kwa mtoto wa dada yake, Abdullah, naye akawa Umm Abdillah maisha yake yote. Kunya si cheti cha uzazi. Tena huyu hakuazima jina la mtoto wa mwingine. Huyu alibeba na akazaa. Imamu Nawawi ameeleza kuwa yapendeza kumpa jina mtoto aliyetoka kabla ya wakati wake, kwa hiyo jina lile lina haki zake zote. Kitu kimoja tu tulimwomba amfikishie: anapoulizwa kama binti hajambo, asijibu kana kwamba yuko chumba cha pili. Aseme yuko kwa Mola wake.

Alikaa nalo siku nyingi. Kisha usiku mmoja akaliandikia kundi zima, mistari mitatu. Alitarajia kimya, au maswali. Wanawake wanne walijibu kabla ya alfajiri, na kila mmoja aliandika jina la mtoto ambalo halikuwa limewahi kuandikwa popote. Wifi, hadi tunapoandika, hajasema neno.

Jina la kujificha lina upande mwingine, na wanavyuoni wa hadithi waliujua karne nyingi kabla ya simu. Walikuwa na istilahi ya tadlisi ya masheikh: mpokezi kumtaja mwalimu wake kwa kunya au nisba isiyojulikana, ili msikilizaji asimtambue. Mfano wao mashuhuri ni Atiyya al-Awfi wa Kufa. Wamesimulia kwamba alikuwa akihudhuria kwa sahaba Abu Said al-Khudri (r.a.), na alipofariki akahudhuria kwa al-Kalbi, mtu asiyeaminika katika riwaya, akambandika kunya ya Abu Said. Akiulizwa kasikia kwa nani, husema: kwa Abu Said. Watu wakadhani ni yule sahaba. Hakuna herufi iliyoghushiwa hapo, jina limewekwa tu mahali pake pabaya. Ndiyo maana wanavyuoni waliandika vitabu vizima vya majina na kunya, Imamu Muslim mwenyewe akiwa mmoja wao, na asiyejulikana ni nani riwaya yake iliwekwa kando. Tungependa kipimo hicho kitumike kwa wale kina Mja Dhaifu na Maskini wa Mola wanaotoa fatwa za talaka usiku wa manane, na kutukana watu kwa majina ya unyenyekevu.

Fundi wa hina na piko wa Mji wa Kale alikutana na Atiyya wake. Mtu alifungua akaunti yenye jina kama lake, ikizidi herufi moja tu, akanakili picha zote za mikono aliyoipamba, akaanza kupokea arbuni ya shilingi 1,500 kwa harusi. Maharusi watatu walilipa. Wa nne, alipotaka kutuma pesa, aliona jina lililojitokeza ni la mwanamume. Akajiuliza tangu lini hina ya maharusi ikatiwa na mwanamume, akasitisha, akapiga simu kwa fundi mwenyewe. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 juu ya matumizi mabaya ya kompyuta inahesabu kujifanya mtu mwingine kwa hila kuwa ni kosa, faini yake ikifika shilingi 200,000 au kifungo cha miaka 3, au vyote viwili. Fundi aliripoti, akapewa nambari ya kesi, na bado anangoja. Wale maharusi watatu aliwatia hina bila malipo. Hakuwajibika kufanya hivyo.

Wa mwisho tunayetaka kumtaja yuko Lamu. Mumewe alikuwa nahodha wa jahazi, na jahazi lake lilikuwa na jina, kama yalivyo yote. Alipofariki, mjane alikaa eda ya miezi minne na siku kumi, na katika siku hizo bintiye alimpa simu ili asikilize mawaidha. Akaunti ilihitaji jina. Hakutaka lake, kwa kuwa yuko edani, wala la mume, kwa kuwa katika maisha yao yote hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita Baba Fulani. Akaandika jina la jahazi.

Eda ilipokwisha, warithi waliliuza jahazi, kila mtu akapata fungu lake. Aliyelinunua alilipaka rangi upya na kulipa jina la kwake. Ni haki yake. Jina la zamani sasa halisomeki popote pale bandarini. Linasomeka kwenye simu ya mwanamke mmoja, chini ya picha ya tanga. Mara moja moja humfikia ujumbe kutoka kwa mabaharia wa zamani, waliolitambua jina, wakidhani nahodha yu hai.

Mwaka huu ameandika wasia wake, kama alivyoamrishwa kila Muislamu mwenye kitu cha kuusia. Ameandika deni la mtu wa nazi, ameandika vikuku vya fedha, na chini kabisa, kwa mwandiko wa bintiye, neno la siri la akaunti. Binti alimuuliza: nikiipata, niifunge au niiache? Alisema atamjibu. Hajamjibu bado.